Bobini Juu ya Meza ya Kukatia

Dada, Bobini amekuwa wa pili! Wa pili kati ya shule kumi na tisa! Na hao wa kwanza usiwahesabu sana, roboti yao ilikuja kwenye boksi ikiwa nusu imeshakamilika, kazi yao ilikuwa kubandika vibandiko tu. Ya kwetu imezaliwa hapa hapa, juu ya meza yangu ya kukatia, na mwezi wa nane inakwenda mashindano ya nchi nzima. Mwanao naye anakwenda. Nimeona nilitoe hilo kwanza, maana ningeanza na salamu kalamu ingepasuka mkononi.

Sasa shikamoo, dada yangu. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji na wote waliobaki hapo nyumbani. Magoti yako vipi? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia usiipake halafu ukaenda kukaa kwenye upepo, nakujua. Shemeji ameacha kubishana na redio? Mwambie namsalimu sana, na suruali yake ya kijivu iko tayari tangu mwaka jana, inamsubiri aje aichukue mwenyewe. Sisi huku hatujambo. Nasema "sisi" kwa mazoea tu. Saa hii ninayoandika niko mimi na cherehani.

Utauliza kwa nini sikupiga simu kama watu. Nikipiga simu unanikatiza kabla sijavuta pumzi, ndivyo ulivyo tangu tukiwa tunalala kitanda kimoja, na leo nina neno ambalo nikikatizwa sitalirudia tena. Barua haikatizwi. Kwa hiyo vumilia mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba. Chukua miwani, kaa.

Tangu marehemu atutoke ni miaka mitatu na miezi mitano. Wanangu wa kiume unajua walipo. Mkubwa hupiga simu kila Jumapili mchana, ananiuliza kama nimekula, namwambia nimekula, namuuliza kama naye amekula, anasema amekula, basi, tunaagana wote wawili tumeshiba. Wa pili hutuma picha. Silalamiki, dada. Nimezaa watoto wenye akili, na watoto wenye akili huenda mbali. Wajinga ndio hubaki kumsumbua mama yao jikoni. Lakini nyumba imekuwa kama koti la mtu aliyekonda. Kitinda mimba wangu hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akirudi jua limeshazama, anakula kitabu kiko mbele ya sahani. Katikati hapo, kuanzia asubuhi hadi jioni, ni mimi na mguu wangu kwenye pedali.

Unajua sisi mafundi wa kushona tunavyosemwa, kwamba kwetu kila nguo ni njoo kesho. Watu wanadhani ni uvivu. Wengine kweli ni wavivu. Ila mimi nilikuwa na gauni la mwalimu mmoja mstaafu, lilikaa limekamilika kwenye msumari siku tisa, nami kila akija namwambia bado vifungo. Kwa nini? Kwa sababu kila alipokuja kuuliza alikaa kwenye kigoda akanihadithia habari za marehemu mume wake, mwanamume mzima mwenye ndevu aliyeogopa kuku. Tulicheka hadi machozi. Siku nilipompa gauni lake alishukuru, akalikunja, na sijamwona tena. Kumbuka hilo gauni, nitalirudia.

Basi, mwezi wa tatu shule ya Kitinda iliezuliwa paa la chumba cha sayansi. Mwalimu wao wa fizikia akaita wazazi, kijana mpole, mashati yake yote yana kola zilizogeuka, akasema timu ya roboti haina pa kufanyia kazi, na kama kuna mzazi mwenye chumba chenye meza ya urefu wa mita mbili na… Hajamaliza, dada, mkono wangu uko juu. Meza yangu unaikumbuka. Marehemu aliiundia humu ndani, useremala wake wote aliumalizia kwenye meza ile, na alipomaliza tukagundua kwamba haipiti mlangoni. Nilimcheka mwezi mzima. Siku nikifa watabomoa ukuta. Mwalimu alipokuja na futi yake kuipima alipiga mluzi, akasema hata shule za matajiri hazina meza iliyonyooka namna hii. Nikamwambia hiyo ni kazi ya mume wangu, na nikaenda kusimama kidogo jikoni.

Wakaja wanne. Wa kwanza tunamwita Nahodha, msichana mrefu, sauti yake inafika kabla yake, akiingia hata cherehani inakaa sawa. Wa pili ni Profesa, kijana anayeandika kwenye kompyuta maagizo ambayo roboti inayafuata. Huyo anaweza kusinzia ameketi wima, ukimgusa anakujibu swali ulilomuuliza nusu saa iliyopita. Wa tatu ni Waya. Mwembamba kama jina lake, mambo yote ya nyaya na skrubu ni yake. Anaishi kwa mjomba wake, nyumba ya watu kumi na mmoja, na siku ya kwanza nilipomwambia karibu kiti alinishukuru kana kwamba nimempa kiti chenyewe aende nacho. Na wa nne ni mwanao Kitinda.

Hapa lazima nirekebishe kidogo. Katika barua iliyopita nilikuandikia kwamba Kitinda ndiye kiongozi. Aliongoza kweli, aliwaongoza wenzake hadi nyumbani kwetu. Ila kwenye timu alikuwa wa akiba. Sheria ya mashindano ni kwamba watatu tu ndio husimama kwenye meza ya mchezo na roboti, wa nne hukaa kwenye benchi na sanduku la vipuri. Mwenye duka wa ng'ambo ya barabara sikumwambia habari ya benchi. Nilimwambia tu kwamba bila mwanangu hakuna timu.

Nikueleze na kazi ya roboti yenyewe, usije ukafikiri ni mtu wa bati anayetembea. Ni kigari kinachotosha kukaa ndani ya beseni. Chini ya tumbo kina jicho linaloona mstari mweusi, kinaufuata chenyewe bila kuguswa, kinakuta makopo matupu sita yamepangwa njiani, kila kopo kinalishika kwa mkono, kinalinyanyua na kuliweka kwenye rafu. Dakika mbili na nusu tu. Ukikigusa umepoteza.

Wiki za mwanzo kilikuwa kinatumbukia. Kinafika pembeni mwa meza, jicho linapotea, puu, kwenye mapaja yangu. Nilikuwa naketi mwisho wa meza na shughuli yangu huku nimetandaza aproni tayari, wakawa wananiita golikipa. Baadaye wakaniita Mama Meza, na ndilo jina nililobaki nalo.

Kisha tatizo likahamia kwenye mkono. Unanyanyuliwa na uzi wa nailoni unaozungushwa na mota, na huo uzi ulikuwa unateleza tu. Profesa akatoa hesabu ya ukurasa mzima. Mimi nilikuwa napinda suruali ya mtu, nikawaambia wanangu, uzi haukai kwenye kitu kisicho na ukingo, hata mkipiga hesabu hadi kiama. Nikafungua droo nikawapa bobini ya chuma, kile kigurudumu chenye kingo cha kuvingirishia uzi kwenye cherehani ya zamani. Profesa akaanza kueleza kwa nini haitafaa. Nahodha akamwambia anyamaze, Mama Meza amesema. Waya akaichukua, akaitoboa, akaifunga kwenye fimbo ya mota kwa skrubu moja ndogo kama punje ya mchele, akavingirisha uzi. Mkono ukapanda, ukatulia juu kama mkono wa mtoto anayejua jibu. Hapo hapo wakaipa roboti jina, Bobini. Kwa hiyo dada, ukisikia mtu anasema mdogo wako hakusoma, mwambie ndani ya roboti ya pili kwa ubora kuna akili ya mdogo wako.

Walikuja kila Jumamosi na Jumapili, na baadaye kila siku baada ya masomo. Sijui nikueleze vipi. Viatu jozi nne mlangoni. Mtu anagombania kikombe chenye mpini mzima. Nahodha akimwambia Profesa kwamba maagizo yake ni marefu kama hotuba ya harusi, Profesa akimjibu kwamba roboti inaelewa upesi kuliko yeye. Kitinda akicheka, na kicheko cha yule mtoto nilikuwa nimekisahau, anacheka kama baba yake, kwanza kimya kisha mabega. Nilikuwa natia maharage sufuria kubwa, ile niliyoifungia juu ya kabati baada ya msiba. Waya alikuwa akibaki nyuma kunisaidia kutunga sindano. Macho yangu unayajua.

Mwalimu aliwawekea utaratibu, na nataka uuelewe maana ndipo mambo yalipokwama. Alibandika karatasi ukutani, juu ya vipande vyangu vya mitindo. Kila sehemu ya roboti ina mwenyewe, na kila jioni mwenyewe anakagua na kuweka sahihi. Sehemu ikishindwa hakuna kelele, anaulizwa aliyesaini. Betri na maagizo, Profesa. Magurudumu, Nahodha. Skrubu zote za mkono, Waya.

Ikafika Jumapili moja, wiki tatu kabla ya mashindano, Bobini akabeba makopo yote sita mara kumi na moja mfululizo. Walipiga kelele hadi mwenye duka akatoka nje na mizani mkononi. Mwalimu akanishika mikono yote miwili, akasema paa limekamilika, kesho baada ya masomo watakuja na gari kumchukua Bobini, hawatanisumbua tena. Wakafungasha. Kitinda akafagia vipande vya nyaya. Nikaosha vikombe sita, nikaweka vinne juu kabatini, nikabakiza viwili.

Jumatatu wakaja na gari. Mwalimu akasema tumwendeshe mara moja tu kabla ya kumbeba. Bobini akaenda vizuri, akashika kopo, akanyanyua, mkono ukaanguka. Tena, ukaanguka. Waya akaangalia, akakuta ile skrubu ya bobini imelegea. Mwalimu akasema mashine ambayo ugonjwa wake haujulikani haihamishwi, itabaki hapa mpaka itulie. Gari likarudi tupu. Nami nikabandika chai.

Jumanne wakakaza, ikawa safi. Jumatano imelegea. Ijumaa ikawa safi, Jumamosi imelegea. Nahodha akachemka. Akamwambia Waya mbele ya wote kwamba mikono yake imelala, anasaini bila kuangalia, kama ameshachoka aseme wenzake wajue. Jumapili Waya alikuja na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, akachora kistari kidogo juu ya kila skrubu, kikivuka hadi kwenye chuma. Mimi nikadhani ni urembo, nikamsifu kwamba sasa Bobini anapendeza. Akanitazama tu, akatabasamu.

Jumanne imelegea tena. Nilikuwapo, dada, nilikuwa naketi pale pale na aproni yangu. Waya aliinama akaitazama ile skrubu kwa muda mrefu sana. Kisha akaifunika kwa kidole, akainuka, akawaambia wote kwamba jana alisahau kuikaza. Amesahau, basi. Mwalimu alisikitika, uso ulimshuka kabisa, lakini karatasi ni karatasi. Akasema kwa siku zilizobaki na kwa siku ya mashindano, Waya atakaa benchi, na nafasi yake mezani ataichukua Kitinda.

Unafikiri nilifanya nini? Nilikwenda dukani nikanunua sabuni nisiyoihitaji, ili nipate kumwambia mwenye duka kwamba mwanangu atasimama mezani. Nikamwambia na mama wa nyumba ya kona. Nikamwambia na mtu aliyekuja kuuliza njia. Mkubwa alipopiga simu Jumapili nilisahau kumuuliza kama amekula. Nilikuwa nimewashonea fulana tatu za bluu zenye jina mgongoni, na ya tatu ilikuwa na vipimo vya Waya, kwa hiyo siku ya Jumatatu, wiki ya mashindano yenyewe, nikaileta kwenye cherehani ili niipanue imtoshe Kitinda.

Kupanua unaanza kwa kufumua. Nimefumua nguo tangu nina miaka kumi na minne, mkono unajifanyia wenyewe. Nikafumua ubavu wa kushoto. Nilipofika kwapani, Waya akabisha hodi. Hakuwa amekuja kwa ajili ya roboti. Alikuja kuniuliza, amesimama mlangoni na viatu mkononi, kama Bobini akishaondoka anaweza bado kuja Jumamosi kunitungia sindano. Akaiona fulana yake mapajani mwangu imefunguliwa ubavu. Akasema bluu ile itampendeza sana Kitinda.

Dada, ile skrubu nilikuwa nailegeza mimi.

Mimi mdogo wako, kwa bisibisi ndogo ya kufungulia mguu wa cherehani. Mchana, baada ya kuosha vyombo, nyumba ikiwa kimya. Nusu mzunguko tu, si zaidi. Mara ya kwanza, ile Jumatatu, nilijiambia ni siku moja, waje wanywe chai mara moja tena, kwani gauni likichelewa siku moja nani anakufa? Niliona ni kama vifungo vya yule mwalimu mstaafu. Nilifanya mara nne. Karatasi yao niliiona ukutani kila siku, ila sikujua kwamba kila ninacholegeza kina jina la mtoto wa mtu. Tuseme ukweli, mara ya kwanza sikujua. Mara ya nne nilijua. Na Waya alipoondolewa na mwanangu akawekwa, nilinyamaza, na katika kunyamaza kwangu kulikuwa na furaha. Hilo ndilo ambalo kwenye simu nisingeliweza.

Nikamwambia aingie, akae. Nikamwuliza ile rangi ya kucha ni ya nini. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtu asiyesoma, kwamba skrubu ikizungushwa kistari kinakatika, hakiungani tena na kipande chake cha kwenye chuma, na skrubu haijizungushi roboti ikiwa imelala. Nikamwuliza, kwa hiyo ulijua kuna mtu? Akaitikia. Nikamwuliza, ukajua ni nani? Akatazama chini, akasema skrubu ilikuwa inanukia mafuta ya cherehani.

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba kama angesema, mwalimu angemhamisha Bobini siku ile ile, na wasingeruhusiwa kuja tena hapa. Akasema kwa mjomba wake yeye hula amesimama mlangoni, viti havitoshi. Basi, hivyo tu. Hakulia, mimi ndiye niliyelia, mtu mzima, nikaichafua fulana.

Kitinda aliporudi nilimkalisha mezani na sikumwekea chakula kwanza, maana ningeweka chakula ningepata sababu ya kuahirisha. Nikamwambia yote. Akaanza kupangusa meza isiyo na vumbi, kama baba yake alivyokuwa akifanya akiwa amekasirika kweli. Nilitegemea aseme nimemwaibisha. Nilitegemea alilie nafasi yake. Aliniuliza tu kwa nini sikumwambia kwamba nilitaka abaki nyumbani nami kidogo. Miaka mitatu na miezi mitano na sikuwahi kumwambia. Nilikuwa namwambia soma, mwanangu, soma, usijali kuhusu mimi.

Siku ya pili nilikwenda shuleni na gauni langu la maombolezo, maana ndilo la heshima nililonalo, nguo za watu nashona, zangu sishoni. Mwalimu alinisikiliza nje ya ofisi, akavua miwani, akaivaa. Nilifikiri atasema yaishe hapo hapo. Hakusema. Alisema kosa lilisomwa mbele ya timu, na ukweli usomwe mbele ya timu. Nikasimama mbele ya darasa, ubao nyuma yangu, sijui mikono niiweke wapi, nikawaambia watoto wanne kwamba Mama Meza ndiye aliyelegeza skrubu, na sababu yake, na kwamba Waya alisaini kweli kila siku. Profesa alifumbua macho yote mawili. Nahodha alitoka nje. Alirudi baadaye, akamwomba Waya msamaha kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. Mimi hakunisemesha.

Waya akarudishwa mezani. Kitinda akarudi benchi, na ni yeye mwenyewe aliyeomba, kabla mwalimu hajasema. Nikaenda nyumbani nikaushona ubavu wa fulana upya. Lakini nguo iliyofumuliwa unaijua, ukiiangalia kwenye mwanga unaona matundu ya sindano ya kwanza, hayafichiki.

Jumamosi ya mashindano sikwenda. Hakuna aliyenikataza, hakuna aliyeniambia njoo. Nilijifanya nina gauni la haraka. Niliipangusa meza, mstari wao mweusi walikuwa wameshaubandua ila gundi imeacha alama, nikawa naifuata kwa kidole. Saa nane mchana simu ikalia, Kitinda, hakusema hata halo. Aliielekeza simu kwenye meza ya mchezo. Nikasikia watu, nikasikia kengele, halafu watu wakanyamaza nami nikaisikia, dada, katikati ya ukumbi ule mzima nikaisikia bobini yangu ya chuma ikizunguka, krrr, ikipumzika, krrr. Nilihesabu. Mara sita.

Ndiyo hivyo tukawa wa pili. Sasa Bobini yuko shuleni, chumba chao kina paa jipya na meza ya chuma. Ni wiki ya pili leo. Mwenye duka nimemweleza ukweli, wa benchi na wa skrubu, akacheka, kisha akaona sicheki. Kitinda hurudi mapema siku ya Jumatano na anakula kitabu kikiwa kimefungwa. Waya amekuja mara moja, akatunga sindano ishirini na kuzichomeka mstari kwenye mto wangu wa sindano, za kunitosha mwezi. Wengine bado. Siwalaumu.

Lingine, nilimalize wakati nimeshavua aibu. Mwaka juzi nilikuandikia kwamba mgongo umenishika siwezi kuinuka, ukaja na magoti yako hayo, ukakaa siku tano. Mgongo haukuwa umenishika hivyo, dada. Uliniuma kama unavyouma wa mtu yeyote anayeketi kwenye cherehani. Nisamehe. Supu zako nilizinywa zote kwa furaha.

Nimeamua kujifunza kusema neno moja, nalo ni njoo, bila kesho na bila sababu. Nimeandika karatasi, Kitinda ameipeleka shuleni, inawaita wote wanne na mwalimu wao. Nahodha nimemwandikia yake peke yake, sijui kama ataisoma. Wanangu nimewapigia, wa pili amesema atajaribu, mkubwa akauliza kama naumwa, nikamwambia la, mwanangu, sijambo kabisa, nataka tu kukuona ukila. Yule mwalimu mstaafu nimempelekea salamu kwa mdomo wa jirani yake. Sufuria kubwa nimeishusha, vikombe nimevitoa vyote. Na wewe, dada, njoo na shemeji aje kuvaa suruali yake. Siumwi, hakuna msiba, hakuna kilichoharibika.

Wasalimie wote hapo, wakubwa kwa wadogo, na anayekusomea pale miwani inapokushinda. Kitinda anasema shikamoo mama mkubwa. Tunawategemea wote Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, saa sita mchana, mlango utakuwa wazi tangu asubuhi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama Meza